Jina la Nchi Kinywani mwa Wenye Nchi: Asili na Matamshi ya "Tanzania" Yakitazamwa kutoka Kwamkoro

1. Utangulizi

Kwamkoro iko katika Milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza, mkoani Tanga. Ni jirani ya Amani, mahali ambapo Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa biolojia na kilimo mwaka 1902. Bonde la Lwengera huitenga milima hiyo na Usambara Magharibi, uliko mji wa Lushoto. Huko Kwamkoro mashamba ya chai yamepakana na msitu wa hifadhi, na wakazi wake ni Wasambaa, Wabondei, na watu wa makabila mengine waliopanda mlima kufuata kazi za mashambani. Siku isiyo na ukungu, mtu akisimama kwenye kingo za mashariki za milima hiyo huiona nchi ya chini ikiteremka taratibu kuelekea Tanga na Bahari ya Hindi.

Mandhari hayo yana uhusiano wa karibu na swali la jina la nchi. Miongoni mwa maelezo yanayorudiwa sana kuhusu asili ya jina "Tanganyika", ambalo ni nusu ya jina "Tanzania", ni kwamba linatokana na maneno mawili: "Tanga", yaani mji wa bandari, na "nyika", yaani pori lililo nyuma ya mji huo. Kwa mtu aliyesimama Usambara maelezo hayo huonekana hayahitaji ushahidi. Tanga ile pale, na nyika ile pale. Hata hivyo, maelezo hayo si sahihi, na sababu za kutokuwa kwake sahihi zina mafunzo makubwa kwa mwanafunzi wa Kiswahili.

Mhadhara huu unashughulikia mambo mawili ambayo kwa kawaida hutenganishwa: asili ya jina "Tanzania" na namna linavyotamkwa. Hoja yake kuu ni kwamba vipande vya jina hilo vilitoka nje ya nchi au vilipewa maana ya nchi na watu wa nje, na kwamba viliunganishwa kwa kufuata herufi zilizoandikwa, bila kujali silabi. Jina hilo lilipopita kinywani mwa wasemaji wa Kiswahili, likapata umbo linalokubaliana kikamilifu na kanuni za lugha yao. Kwa hiyo matamshi ni sehemu ya historia ya jina.

2. Funzo la jina la Kwamkoro

Ni vyema kuanza na jina dogo kabla ya kuliendea kubwa. Jina "Kwamkoro" lina sehemu mbili. Ya kwanza ni "kwa", yenye maana ya mahali pa mtu au pa kitu fulani. Ya pili ni nomino "mkoro". Muundo huu umeenea katika mkoa wa Tanga: yapo majina kama Kwamsisi na Kwamgumi, na katika eneo la Wazigua hupatikana sura yake ya pili, "kwe", kama katika Kwediboma. Msemaji yeyote wa lugha za eneo hili huutambua muundo huo papo hapo, hata kama hajui habari za aliyetajwa.

Matamshi ya jina hili nayo yana la kufundisha. Maneno mawili yakishaungana na kuwa jina moja, hupata mkazo mmoja tu, nao huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: kwa-m-KO-ro. Herufi "m" hapa ni silabi inayojitegemea, kama ilivyo katika "mtu" na "mti". Jambo hilo ni tofauti na "m" iliyomo katika "Usambara", jina linalotamkwa u-sa-MBA-ra. Katika "Usambara" sauti "mb" ni konsonanti moja iliyotanguliwa na nazali, nayo yote ni mwanzo wa silabi, wala "m" haisimami peke yake. Tofauti hii baina ya nazali inayojitegemea na nazali iliyofungamana na konsonanti itahitajika baadaye, jina "Tanzania" litakapochambuliwa.

Jina "Usambara" lenyewe si jina ambalo wenyeji huitumia nchi yao katika lugha yao. Wao husema Shambaai, au Shambalai katika sura inayohifadhi "l". Kiambishi "u-" cha nchi ni cha Kiswahili, na ndicho kilichozaa pia "Uganda" kutokana na jina ambalo wenyewe hulitamka Buganda. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika milimani humo mwaka 1848 na tena mwaka 1852, zama za Mfalme Kimweri ye Nyumbai wa Vuga. Aliondoka na jina "Usambara", jina la watu wa pwani waliomwongoza, na hilo ndilo lililoingia katika ramani. Kwa Wasambaa, Shambaai ni nchi ya juu yenye mvua na mazao, na kinyume chake ni nyika, yaani nchi kavu ya chini. Wabondei nao wamepata jina lao kutokana na Bonde. Majina haya yote hueleza mahali pa kusimama kwa mtu anayetazama.

Funzo linalopatikana hapa ni la tahadhari. Neno "nyika" lina maana halisi na ya kila siku kwa mkazi wa Usambara. Ndiyo maana akilikuta ndani ya "Tanganyika" hudhani amepata ufunguo wa jina lote.

3. "Tanganyika": jina la ziwa lililopewa nchi

Etimolojia huanza na swali la mahali na wakati. Jina "Tanganyika" lilijulikana kwanza kama jina la ziwa, wala halikuwa jina la nchi. Richard Burton na John Speke, wakiwa katika msafara ulioanzia pwani, walifika Ujiji mwezi Februari 1858, na Burton aliliandika jina hilo katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1860. Kutoka Kwamkoro hadi ziwa hilo ni kilomita zipatazo 1000 kwa mstari ulionyooka. Jina lililokuwa likitumiwa huko kwa ziwa haliwezi kuelezwa kwa mji wa bandari ulioko upande wa pili wa nchi. Kwa sababu hiyo maelezo ya "Tanga" na "nyika" huanguka, na pamoja nayo huanguka maelezo mengine yanayotaja tanga la jahazi.

Burton mwenyewe alilihusisha jina hilo na kitenzi chenye maana ya kukutana au kuungana, akimaanisha mahali yanapokutana maji. Kisarufi, maelezo hayo yana uzito kiasi. Katika lahaja ya Kimvita, sauti "t" husikika katika maneno mengi ambayo Kiunguja hutumia "ch": "mtele" kwa "mchele", "kuteka" kwa "kucheka", "mtanga" kwa "mchanga", "kutukua" kwa "kuchukua". Kwa mwenendo huohuo, "tanganya" hulingana na "changanya", na "tanganyika" hulingana na "changanyika". Umbo zima la neno hupata maelezo, pamoja na kiambishi "-ik-" cha kauli ya kutendeka. Maelezo ya "Tanga" na "nyika" hukata neno katikati na kuacha sehemu mbili ambazo hazina historia ya kuwa pamoja.

Hata hivyo, ulinganifu wa umbo hautoshi kuwa ushahidi wa kihistoria. Burton aliyasikia maelezo hayo kwa masikio ya mtu aliyezungukwa na wasemaji wa Kiswahili cha misafara, na wasemaji wa lugha yoyote hupenda kulifasiri jina geni kwa maneno ya lugha yao. Linaloweza kusemwa kwa uthabiti ni kwamba maelezo ya Burton hayapingani na sarufi wala na mahali lilipo ziwa, ilhali yale ya mji wa Tanga yanapingana na mahali hapo.

Jina hilo lilitokaje ziwani likawa la nchi nzima? Kuanzia mwaka 1885 hadi Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, sehemu kubwa ya bara ilikuwa ndani ya koloni la Wajerumani lililoitwa kwa lugha yao Afrika Mashariki ya Kijerumani. Baada ya Wajerumani kushindwa, jina hilo halikuweza kuendelea. Mwaka 1920 serikali ya Uingereza iliipa nchi hiyo jina la ziwa. Mwaka huohuo, nchi jirani iliyokuwa ikiitwa Himaya ya Afrika Mashariki ilipewa jina la mlima, ikawa Koloni la Kenya. Majina yote mawili ni ya Kiafrika kwa asili, lakini uamuzi wa kuyafanya majina ya nchi ulipitishwa Ulaya. "Tanganyika" ikawa nchi huru tarehe 9 Desemba 1961, na jina hilo likadumu kama jina la nchi kwa miaka 44 tu, tangu 1920 hadi 1964.

4. "Zanzibar": jina la mgeni lililozoeleka

Nusu ya pili ya jina la Muungano ni kongwe zaidi. Wanajiografia wa Kiarabu wa zama za kati, akiwemo al-Masudi wa karne ya 10, waliwaita watu weusi wa pwani ya Afrika Mashariki kwa jina la Zanj. Neno hilo likiungana na neno la Kiajemi "bar", lenye maana ya pwani au nchi, hupatikana "Zangbar", yaani pwani au nchi ya watu weusi. Kiarabu kikalitamka "Zanjibar", na Wazungu wakaliandika "Zanzibar". Hapo mwanzo lilikuwa na maana pana ya pwani, kisha likabanwa hadi likabaki na visiwa.

Wenyeji wenyewe wana majina yao: Unguja na Pemba. Hata leo mtu wa pwani asemaye "naenda Unguja" anatumia jina la wenyewe, na asemaye "naenda Zanzibar" anatumia jina lililoanzia kwa mabaharia. Jina hili nalo halikukosa etimolojia ya watu. Husimuliwa kwamba linatokana na maneno ya Kiarabu yenye maana ya "nchi nzuri", kutokana na "zayn" na "barr". Simulizi hiyo inapendeza, lakini haielezi "j" iliyomo katika umbo kongwe la Kiarabu, na kwa hiyo haiwezi kukubaliwa.

Kwa upande wa matamshi, "Zanzibar" huishia kwa konsonanti, jambo ambalo Kiswahili hakilipendi. Wasemaji wengi huidondosha "r" na kusema za-NZI-ba. Lakini jina la mkazi wake limepewa irabu ya mwisho, na mara moja mkazo umesogea: m-za-nzi-BA-ri. Hapa kanuni ya silabi ya pili kutoka mwisho hujionyesha waziwazi, kwani kila silabi inapoongezwa mwishoni mkazo nao husogea mbele, kama katika "nyumba" na "nyumbani".

5. Kuunganishwa kwa majina

Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na Mapinduzi yakatokea tarehe 12 Januari 1964. Tarehe 26 Aprili 1964 nchi mbili ziliungana na kuitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Jina hilo lilikuwa refu, na wananchi walialikwa kupendekeza jina jipya. Mwezi Oktoba 1964 ukatangazwa uamuzi wa kutumia jina "Tanzania". Mwezi huohuo, tarehe 24, Rhodesia ya Kaskazini ilipata uhuru kwa jina la Zambia, lililotokana na mto Zambezi.

Mohammed Iqbal Dar, aliyeshiriki katika kupendekeza jina hilo, alieleza katika vyombo vya habari kwamba alichukua "Tan" na "Zan", akaongeza "i" ya jina lake Iqbal na "a" ya Ahmadiyya, jumuiya ya dini yake. Maelezo hayo ni ya nia ya mtu mmoja. Kwa upande wa lugha, mwisho "-ia" ulikuwa umekwisha kuzoeleka katika majina ya nchi za Afrika, kama Ethiopia, Somalia na Zambia, na ndiyo sababu jina jipya halikusikika kuwa geni. Wapo pia waliolihusisha na "Azania", jina la pwani hii katika maandiko ya Kigiriki ya karne ya kwanza. Ufanano huo ni wa sadfa: jina la "Tanzania" linaelezeka lote kwa sehemu zake bila kuihitaji Azania.

Njia iliyotumika kuliunda huitwa uhulutishaji katika isimu, yaani kukata vipande vya maneno na kuviunganisha. Kiswahili kinaifahamu njia hiyo. "Chajio" limetokana na "chakula cha jioni", na UKIMWI limetokana na "ukosefu wa kinga mwilini". Katika mifano hiyo mkato hufuata mpaka wa silabi: cha-jio, u-ki-mwi. Katika "Tanzania" mkato haukufuata mpaka huo. Silabi za "Tanganyika" ni ta-nga-nyi-ka, na za "Zanzibar" ni za-nzi-bar. Hakuna silabi "tan" katika la kwanza wala silabi "zan" katika la pili. Waliokata walifuata herufi, si silabi. Jambo hilo si la Tanzania peke yake: jina "Pakistan", lililopendekezwa na Choudhry Rahmat Ali mwaka 1933, nalo liliundwa kwa kuokota herufi za majina ya majimbo.

6. Matamshi: namna jina lilivyopata silabi zake

Ingetarajiwa kwamba jina lililokatwa namna hiyo lingekuwa gumu kutamka. Haikuwa hivyo. "N" ya mwisho wa "Tan" ilikutana na "z" ya mwanzo wa "Zan", na mkutano huo ukazaa "nz", konsonanti ambayo Kiswahili kinayo tangu zamani katika maneno kama "panzi", "funza", "anza" na "tunza". Katika maneno hayo "nz" yote ni mwanzo wa silabi: pa-nzi, fu-nza. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili hasemi "tan" kisha "zan". Husema ta-nza-ni-a. Nazali haisimami peke yake kama "m" ya Kwamkoro, bali imefungamana na konsonanti kama "mb" ya Usambara. Hata sauti ya nazali yenyewe imebadilika: katika "Tanganyika" hutamkwa nyuma ya kinywa kwa sababu inafuatwa na "g", na katika "Tanzania" hutamkwa kwenye ufizi kwa sababu inafuatwa na "z".

Linabaki suala la mkazo. Husikika matamshi mawili: ta-nza-NI-a, na lile ambalo mkazo wake uko kwenye "nza". Mara nyingi hudhaniwa kwamba mmoja kati ya wasemaji hao wawili amevunja kanuni. Uchunguzi huonyesha kwamba wote wawili wanaitii kanuni ileile, na wanatofautiana katika idadi ya silabi. Mwenye kusema ta-nza-NI-a huhesabu silabi nne, na ya pili kutoka mwisho ni "ni". Mwenye kusema haraka huigeuza "i" kuwa kiyeyusho, "nia" ikawa kama "nya", na jina likabaki na silabi tatu: ta-NZA-nya. Hapo ya pili kutoka mwisho ni "nza". Kugeuza "i" kuwa kiyeyusho si jambo geni katika Kiswahili. Ndiyo maana "vi-" na "-angu" huzaa "vyangu".

Hata hivyo, Kiswahili sanifu hufuata matamshi ya silabi nne. Mageuzi ya "vyangu" hutokea pale kiambishi kinapokutana na shina. Irabu mbili zilizo ndani ya mwisho wa neno hubaki silabi mbili, kama katika "njia", "patia" na "sikilia". Hakuna msemaji anayeifanya "njia" kuwa silabi moja. Kwa kigezo hicho ta-nza-NI-a ndiyo matamshi yanayolingana na mfumo wa lugha, na "Mtanzania", "Watanzania" na "Utanzania" hufuata mkondo huohuo.

Lugha nyingine zimelipokea jina hili kila moja kwa kanuni zake. Baadhi ya wasemaji wa Kiingereza hulitamka kama "Tanzeinia", wakiliingiza katika kundi la "Albania", "Romania" na "Tasmania". Wajerumani huliandika "Tansania", kwa kuwa katika lugha yao herufi "z" hutamkwa "ts" na "s" iliyo mbele ya irabu hutamkwa "z". Nao pia wana mikazo miwili. Wafaransa husema "Tanzanie". Hakuna haja ya kuwalaumu, maana Waswahili nao husema "Ujerumani" na "Ufaransa". Mashaka huanza pale mtangazaji au mwalimu wa Kitanzania anapoyachukua matamshi ya kigeni akiamini kuwa ndiyo ya kisomi.

7. Kwa nini suala hili ni zito

Etimolojia ya watu haina madhara inapobaki barazani. Madhara huanza inapofanywa hoja. Mwaka 1993 wabunge 55 waliunga mkono hoja ya kuundwa kwa serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, na mjadala wa muundo huo ukarudi kwa nguvu katika mchakato wa Katiba wa mwaka 2013 na 2014. Katika mijadala ya aina hiyo husikika madai kwamba "Tanganyika" ndilo jina la asili na "Tanzania" ni jina la kubuni. Isimu haina mamlaka ya kuamua idadi ya serikali. Lakini ina wajibu wa kusema kwamba "Tanganyika" kama jina la nchi lilianza mwaka 1920 kwa uamuzi wa watawala, na "Zanzibar" ni jina lililoanzia kwa wageni. Kati ya majina hayo matatu, "Tanzania" ndilo lililochaguliwa na dola iliyokuwa huru. Anayetaka kutetea au kupinga Muungano na atafute hoja zake kwingine, kwa kuwa historia ya majina haimpi silaha.

Madhara ya pili yako shuleni. Mtoto wa Kwamkoro akifundishwa kwamba jina la nchi ni Tanga na nyika, hujifunza kwamba neno hufasiriwa kwa kulikisia. Akifundishwa kuligawa katika silabi, kulitafuta lilikoanzia kutumika, na kulipima kwa sarufi ya lugha linakodaiwa kutoka, amepata stadi atakayoitumia kwa neno lolote.

8. Hitimisho na pendekezo

Imeonyeshwa kwamba jina la ziwa la magharibi na jina la pwani ya mashariki yalikatwa kwa herufi na kuunganishwa mwaka 1964, na kwamba Kiswahili kililipokea jina lililotokea kwa kulipa silabi nne na mkazo katika "ni". Imeonyeshwa pia kwamba maelezo yanayopendeza sana yanaweza kutokana na mandhari yaliyo mbele ya macho ya msimuliaji.

Pendekezo linalofuata ni la kivitendo. Walimu wa Usambara wana utajiri wa majina kama Kwamkoro, Kwamgumi na Shambaai, ambayo muundo wake uko wazi kwa wanafunzi wao. Somo la majina lianze na hayo: wanafunzi wayatamke, wayagawe silabi, wawaulize wazee habari zake na kuziandika pamoja na jina la aliyesimulia na tarehe ya masimulizi. Baada ya hapo ndipo waliendee jina la nchi. Watalikuta ni gumu zaidi kulifasiri kuliko la kijiji chao, na watakuwa na njia ya kulichunguza.